Namba Ambayo Mashine Haikuijua

Mahabusu ya parquet, ofisi ya mashitaka ya Likasi, haikuwa na benchi tena. Mtu alikuwa ameibeba akaipasua kuni. Kwa hiyo Casimir, mtu wa kompyuta wa Mutuelle Tujenge, alimpokea Inspekta Banza akiwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, miwani mkononi.

Banza hakuketi. Alikuwa mtu mwembamba, wa maneno machache, aliyekuwa na mazoea ya kuuliza swali kisha akaliacha lining'inie hadi mwenzake achoke.

"Unajua sababu ya kuwa hapa?"

"Évariste anasema niliua bibi yake."

"Na weye unasema nini?"

"Minye sikumugusa Mama Élisabeth. Mara ya mwisho nilimuona ku messe, ku kanisa."

Mashitaka yenyewe yalikuwa mafupi. Élisabeth, mke wa Évariste wa kiwanda cha kuyeyusha shaba, alifikishwa asubuhi moja kwenye zahanati ya Mutuelle, huko Panda, mimba imeharibika na damu inamtoka. Mutuelle Tujenge ilikuwa chama cha familia za wafanyakazi. Ukiwa mwanachama unatibiwa, usipokuwa mwanachama unarudi ulikotoka, na mwaka ule wa tisini na nne hapakuwa na pengine pa kwenda penye dawa. Muuguzi wa dirishani aliingiza namba ya familia kwenye kompyuta. Kompyuta ikajibu: MATRICULE INCONNU. Namba haijulikani. Évariste akakimbia ofisini kutafuta mtu wa kumsaidia. Aliporudi, mkewe alikuwa amekata roho barazani.

Kisha Évariste akakumbuka jambo. Kabla ya hapo, katika buvette, baa ndogo iliyojaa watu, Casimir alikuwa amemnyooshea kidole na kumwambia: Ntakufuta.

"Ulisema vile?" aliuliza Banza.

"Nilisema."

"Juu ya nini?"

Casimir alivaa miwani, akaivua tena. "Nilipenda kuoa Viviane, mudogo wa Mama Élisabeth. Évariste njo mukubwa kule kwabo. Alikatala mbele ya bajomba zangu. Alisema muntu mwenye anatumika na mashine yenye kulala kila siku, bibi atamulisha na nini? Bantu bakacheka. Nilikuwa nimekunywa, Inspecteur."

"Ungetaka, ungeweza kumfuta kweli ndani ya mashine?"

"Ndiyo. Mot de passe, neno la siri, ni minye peke yangu niko nayo."

Jibu hilo lilimpendeza Banza na likamsumbua vilevile. Wenye hatia aliowajua huanza kwa kusema haiwezekani.

"Uko na kitu ingine ya kusema?"

"Kwenda kauliza mashine bantu bengine," alisema Casimir. "Usiulize paka Évariste, yeye peke yake."

*

Ofisi ya Mutuelle ilikuwa katika nyumba ya zamani ya kambi ya Panda, yenye bati jekundu kwa kutu. Chumba cha kompyuta kilikuwa chumba cha nyuma. Palikuwa na meza ya chuma, mashine moja yenye kioo cha maandishi ya kijani, waya uliopita chini ya ukuta hadi zahanati ya jirani, na mwanamke aliyeitwa Émilienne, ambaye kazi yake ilikuwa kuingiza majina.

Banza alimwomba aandike namba ya Évariste. Haijulikani.

"Andika yako."

Jina la Émilienne likatokea mara moja, na majina ya watoto wake chini yake.

"Ya patron wenu."

Bwana Dominique, mkurugenzi, akatokea na jamaa yake yote.

"Sasa andika watu unaowajua. Wowote. Usichague."

Émilienne akapiga vitufe. Wengi walitokea. Kisha akaandika namba ya mwanamke mmoja wa Kamatanda, Mama Marceline, na mashine ikakataa. Akarudia, akidhani amekosea. Ikakataa tena. Akaendelea, na kila baada ya majina kadhaa lile neno lilirudi kwenye kioo. Mwishowe akaandika namba moja polepole zaidi ya nyingine zote, na neno lilipotokea akaweka mkono mdomoni.

"Huyu ni nani?" aliuliza Banza.

"Mama ya Casimir."

Banza aliliweka jambo hilo kando bila kulifurahia. Mtu anayetaka kumfuta adui yake angeweza kumfuta na mama yake pia, ili aonekane safi. Hilo lingehitaji moyo mgumu na akili ya mbele, na katika kazi yake Banza alikuwa amekutana na yote mawili katika mtu mmoja.

"Mama Émilienne, hawa wanaokataliwa wanafanana nini? Kabila? Kazi? Mtaa?"

Aliangalia kioo kwa muda. "Hapana. Marceline ni mukulima. Mama ya Casimir ni mujane." Akasita. "Wote ni minye niliingiza. Wote ni ba kisha Pasaka."

"Évariste ni mwanachama wa zamani."

"Lakini alibadilisha kazi. Tulimupatia namba mupya. Na yeye ni kisha Pasaka."

Kwa hiyo aliyewapoteza hakuwa amechagua watu. Alikuwa amechagua majira. Banza alijiuliza ni mtu wa namna gani anayechukia majira.

"Ukiwa unaingiza jina, courant ikakatika, unafanyaje?"

"Tunangoya. Ikirudia, tunaendelea."

Umeme wa bwawa la Koni ulikuwa ukikatika kila siku, kwa kuwa wezi walikuwa wakikata nyaya porini wakauze shaba. Hakuna aliyeona ajabu tena.

"Na kabla ya Pasaka?"

"Mbele mashine haikukuwa inazimika." Alisema hivyo huku macho yake yakishuka chini ya meza, halafu yakapanda haraka.

Banza aliinama. Sakafu ya simenti ilikuwa na vumbi jekundu, isipokuwa mahali pamoja karibu na ukuta, mraba safi ambao kitu kizito kilikuwa kimeukalia miaka mingi. Waya wa kompyuta ulikuwa umechomekwa moja kwa moja ukutani.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Onduleur. Kisanduku chenye batterie ndani. Courant ikikatika, kinabeba mashine dakika kidogo, na kinalia, pi, pi, pi. Tukikisikia tunafunga kazi muzuri, tunazima."

"Kiko wapi?"

"Kilikwenda kutengenezwa. Patron alisema kimeharibika."

"Nani mwingine aliona kimeharibika?"

Émilienne alinyoosha kitambaa chake cha kichwa ambacho hakikuwa kimepinda. "Paka patron, yeye peke yake."

*

Banza hakupenda kuamini kitu ambacho hakijafanyika mbele ya macho yake. Mchana alimtoa Casimir mahabusu, akamleta Panda akiwa na polisi mmoja, akamsimamisha kando ya dirisha, mbali na meza.

"Usiguse kitu. Mama Émilienne ataandika. Weye utasema tu."

Walihitaji jina la mtu asiyekuwapo. Banza alitoa jina la mbwa wake, Carlos. Émilienne aliandika Carlos, akampa mtaa, kazi na namba, akabonyeza, na palepale Banza akauchomoa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi. Wakawasha tena, wakamtafuta Carlos. Alikuwapo.

Wakajaribu tena na Carlos wa pili. Naye alikuwapo. Polisi alipiga miayo. Banza hakukata tamaa, kwani wezi nao hawaingii kila nyumba wanayoijaribu. Akabadilisha mwendo: sasa alichomoa mapema kidogo, wakati taa ndogo nyekundu ya mashine ilikuwa bado inapepesa. Carlos mwingine aliokoka hivyo hivyo. Aliyemfuata hakuokoka.

MATRICULE INCONNU.

Banza aliinama karibu na kioo.

"Amefutwa?" aliuliza Banza.

"Hapana," alisema Casimir. "Mama Émilienne, usitafute na namba. Fungula fichier nzima, buku ya majina, shuka paka ku mwisho, muntu moja moja."

Émilienne alishuka. Chini kabisa ya majina yote, Carlos alikuwa amekaa na mtaa wake na kazi yake, salama.

Banza alisogeza kiti, akaketi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Nielezee. Na uongee kama unaongea na mtu wa parquet."

"Fichier ni kama train ndefu ku gare, kila muntu na wagon yake. Index ni chef de gare, mukubwa wa stesheni. Yeye hatembee ku ma-wagon, yeye anajua tu: namba hii, wagon ile. Muntu mupya akiingia, train inaongezewa wagon, kisha chef de gare anaandika. Courant ikikatika katikati, wagon iko ku reli, lakini chef de gare hana habari. Ukimuuliza anakuambia hakuna."

"Na ungemfuta mtu kwa mkono wako?"

"Ungeona nyota mbele ya jina. Mashine inatia nyota kwanza, inafutika kabisa kisha siku ingine."

"Mama, mtafute Élisabeth kwa njia hiyo hiyo."

Émilienne alirudi juu, taratibu. Évariste alitokea. Chini yake, Élisabeth, mke. Mbele ya jina hapakuwa na nyota. Casimir aligeuza uso dirishani.

Banza akaendelea, kwa kuwa kumwondolea mtu kosa moja si kumwondolea yote.

"Hii inatengenezwa?"

"Ndiyo. Unaamuru mashine iandike index upya toka mwanzo. Ni kazi ya asubuhi moja, kama courant iko."

"Kwa nini hukufanya?"

"Niliomba. Patron alikatala. Kuko bazungu ba msaada, banataka ma-rapport. Kila juma anabadilisha: ongeza colonne, ondoa colonne, tia rangi ku karatasi ya imprimante. Nikimaliza anaanza tena. Nikimuambia mashine inahitaji kupumua, ipangwe, copie ifanywe, anasema ile si kazi. Kazi ni kitu yenye inaonekana."

"Ulijua kwamba majina yanapotea?"

"Nilijua yanaweza kupotea. Onduleur ilipotoka, nilimuambia mara mbili. Kisha nikanyamaza."

"Na neno INCONNU. Nani aliliandika ndani ya mashine?"

Casimir alipangusa miwani kwa shati. "Ni minye."

"Mashine inajua kwamba mtu hayupo?"

"Hapana. Inajua tu kama haikumuona."

"Lakini uliandika hajulikani. Na muuguzi akasoma hajulikani."

"Ndiyo, Inspecteur."

Polisi alimrudisha Casimir kwenye gari. Banza alibaki akiangalia ule mraba safi chini ya meza.

*

Bwana Dominique aliishi katikati ya mji, katika barabara ya mijakaranda, nyumba yenye veranda ya vigae. Siku hiyo hakuwa amekwenda kazini. Mkewe, Mama Tina, alimkaribisha Banza sebuleni, akamletea maji ya baridi. Televisheni ilikuwa inaonyesha mechi, na feni ilikuwa inazunguka juu ya vichwa vyao.

"Ni huzuni kubwa, Inspecteur," alisema Dominique. Alikuwa mnene kidogo, mwenye sauti ya kuhutubia. "Nilimuamini Casimir kama mutoto wangu. Kumbe chuki ilikuwa inakaa ndani."

"Onduleur ya mashine iko wapi, Bwana Mkurugenzi?"

"Kwa fundi. Lubumbashi. Kwa nini?"

"Fundi gani?"

"Jina linanipita. Tina atatafuta karatasi."

Mama Tina hakusogea. Banza alikunywa maji yake, akauliza habari za watoto, akauliza kama Mutuelle ina dawa za kutosha, akamwacha Dominique aeleze kwa urefu juu ya wazungu wa msaada. Hakuwa na haraka. Mji mzima ulijua kwamba umeme hauwezi kumaliza alasiri bila kwenda.

Ukaenda. Feni ilipunguza mwendo, ikasimama. Redio ya jirani ikakatika katikati ya wimbo. Kwenye televisheni, mchezaji alipiga kona, na mpira ukapaa.

Nyuma ya pazia kitu kikaanza kulia. Pi. Pi. Pi.

Kipa aliudaka mpira. Banza aliinuka, akasogeza pazia kwa kidole kimoja. Kisanduku cha kijivu kilikuwa sakafuni, na ubavuni mwake kimepakwa rangi nyeupe herufi za Mutuelle Tujenge.

"Kimepona," alisema Banza.

Dominique alivuta pumzi ndefu. "Ile ni mali ya Mutuelle. Na Mutuelle ni nani? Ni minye niliijenga. Nilikileta hapa juu ya usalama. Kule Panda wangekiiba."

"Casimir alikuambia kwamba bila hiki majina yatapotea?"

"Casimir anasema mambo mingi. Ba informaticiens wote wanasema mambo mingi, kazi haionekani."

"Alikuambia?"

Ni Mama Tina aliyejibu, kutoka mlangoni. "Alikuja hapa mwenyewe. Minye nilimufungulia mulango."

Dominique alimtazama mkewe kama mtu aliyekutana naye barabarani. Kisha akamgeukia Banza, na sauti ya hotuba ikawa imemtoka. "Yule mwanamke alikufa na damu, Inspecteur. Hakufa na courant."

"Ni kweli," alisema Banza. "Nitaliandika na hilo."

*

Iliyobaki ilikuwa shida ya kisheria, na Banza aliitafakari njia yote ya kurudi Panda, kisanduku kikiwa kati ya miguu yake garini.

Kilikuwa kielelezo. Vielelezo vilipaswa kupelekwa kwenye ghala la greffe, masjala ya mahakama, na kilichoingia greffe miaka ile hakikutoka, au kilitoka usiku kupitia dirishani. Akikipeleka, kesi itakuwa kamili kwenye makaratasi, na kompyuta itaendelea kuzimika, na kesho mama mwingine atasimama mbele ya lile dirisha. Akikirudisha tu ofisini, wakili wa Dominique atauliza kielelezo kiko wapi, na procureur, mkuu wa mashitaka aliyekuwa akinywa bia na Dominique, atafurahi kulisikia swali hilo.

Alipofika aliandika hati ya ukamataji, akaeleza kisanduku, rangi yake, alama zake na mahali kilipopatikana. Kisha akaongeza kwamba kielelezo kimekabidhiwa kwa mlinzi wa kisheria, ambaye atakitunza mahali kinapofanyia kazi, kikiwa kinafanya kazi, na asikiondoe bila amri ya hakimu. Sheria iliruhusu. Haikusema mlinzi asiwe nani.

"Saini hapa," alimwambia Casimir.

Casimir alisoma mara mbili. "Minye? Niko mushitakiwa."

"Ulikuwa. Dominique ndiye nimemwita kesho. Weye nitakuhitaji kama shahidi, na shahidi wa namna yako hatalala vizuri, lakini atalala kwake."

Casimir alisaini. Akakiweka kisanduku mahali pake, akachomeka waya, akaiamuru mashine iandike index upya. Umeme ulikatika mara moja katikati ya kazi. Kisanduku kikalia, Casimir akafunga, wakangoja, wakaanza tena. Jua lilikuwa limelalia ukuta wa kambi pale Émilienne alipoanza kuyataja majina yaliyorudi, na polisi akayapeleka zahanati kwa miguu. Mama Marceline alikuwa amefukuzwa pale jana yake akiwa na mwanawe Chadrack mwenye homa kali. Muuguzi alimtuma mtu Kamatanda kwa baiskeli kuwafuata.

Évariste aliingia bila kubisha. Banza ndiye aliyemwita. Alikuwa mtu wa mabega makubwa, ndevu hazijanyolewa tangu msiba. Alisimama nyuma ya kiti cha Émilienne, na Banza akamweleza yote kwa maneno machache, bila kumpamba mtu na bila kumficha mtu. Kisha Émilienne akaandika namba.

Jina la Élisabeth likatokea, likiwa hai.

Évariste alilisogelea. Mkono wake ulikwenda kwenye kioo, ukasimama kabla ya kukigusa.

"Nani aliandika lile neno?" aliuliza. "Lile la kusema hatujulikani?"

"Minye," alisema Casimir.

"Ulibadilishe."

"Sasa?"

"Niko hapa."

Casimir akaketi. Ilimchukua muda, kwa kuwa vidole vyake vilikosea. Alipomaliza akaandika namba isiyo ya mtu yeyote, ili Évariste aone. Kioo kikasema kwa Kifaransa kwamba mashine haikulipata jina, na kwamba mgonjwa apokelewe, jina litatafutwa baadaye.

Évariste alilisoma kwa sauti ya chini, neno kwa neno, kama mtoto wa shule. Akaitikia kwa kichwa. Alielekea mlangoni, akasimama huko akiwapa mgongo.

"Kilio kingali kinaendelea kwetu," alisema. "Bantu banaketi paka Posho, mbele ya siku ya Mungu." Akavuta kola ya shati lake. "Wakikuona unaingia na minye, hakuna mwenye atasema kitu."

Casimir alimtazama Banza. Banza alikuwa anafunga kalamu yake, hakuinua macho.

Casimir akachukua koti kwenye msumari, akatoka, na Évariste akamngoja barabarani hadi akamfikia.